Mkono Uliomwita Bashiri

Nachingwea, 9 Februari 1952

Kwa binamu na mtani wangu Kasmiri, Chinongwe.

Barua hii ikukute umekaa, maana ukisimama tu unaanza kulalamika kiuno. Sisi huku ni wazima. Mke wangu Sabaha amepona jicho. Mtoto wa mwisho ameota meno mawili na ananing'ata kila nikimshika. Mama yangu, shangazi yako, anauliza kama mvua imenyesha huko, na kama bado unalala mpaka jua lije likuamshe.

Huku Skimu ya Karanga imekufa, ila hakuna mwenye ujasiri wa kuitangazia msiba. Wazungu wanafunga mizigo. Mimi nimeandika vibao vyao tangu mwaka 1948, HATARI, USIVUTE SIGARA, NJIA IMEFUNGWA, na sasa naandika vibao vya kuuzia vitanda vyao.

Sasa nisikilize. Juzi tulifungua sanduku la vipuri vya matrekta, mabaki ya jeshi. Kila chuma kilikuwa kimefungwa kwa karatasi kubwa. Nikavuta moja, nikaikunjua mezani, nikaona sura yako. Ni ile picha ya vita iliyobandikwa kila mahali mwaka 1943: wewe umevaa kofia ya askari wa Keya, meno yote nje, mkono wa kuume umeunyoosha unaita watu, na chini yako maneno, MIMI NIMEJIUNGA. WEWE UNANGOJA NINI? Nimezihesabu. Ziko arobaini na moja, safi, hazijaguswa na mchwa.

Binamu, sijalala vizuri kwa furaha. Umesikia kwamba jeshi linatafuta vijana tena, safari hii kwa vita vya Malaya. Julai watafika gulioni Ruangwa. Nasikia pia kwamba mpwa wako Yunusi, mtoto wa dada yako Sikuzani, anataka kujiandikisha, na kwa mila yetu Wamwera hakuna wa kumzuia ila wewe mjomba wake. Basi karatasi hizi nitazigeuza. Hapa Nachingwea nimeona vifaru vya vita vikigeuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Ikiwa kifaru kinageuka, karatasi itashindwaje? Rangi ninayo, brashi ninazo, na hasira ninayo tangu zamani. Nipe ruhusa ya sura yako.

Mtani wako,
Shaibu


Chinongwe, 2 Machi 1952

Kwa Shaibu, bingwa wa vibao.

Salamu zako tumezipata, na shangazi mwambie mvua imenyesha mpaka nguruwe pori wameogopa kutoka. Mihogo imesimama. Mke wangu Zaina ameanguka kisimani lakini ni goti tu. Mama yangu Mwanawetu hajambo, macho yanapungua, masikio yamezidi. Dada Sikuzani anakusalimu.

Nimesoma habari za karatasi. Nashauri uzitumie kufungia samaki. Vita vile vimekwisha, na mtu aliyekuwa kwenye picha ile alikuwa na meno mengi kuliko mimi.

Kuhusu Yunusi ni kweli. Picha yangu moja bado iko ukutani kwenye baraza la liwali, imefifia, na kila siku ya gulio anasimama chini yake kujipima kimo. Ana miaka kumi na tisa. Mama yake amemwambia aje aniombe mimi. Alikuja. Aliniambia hafuati buti wala mshahara. Anasema atakwenda huko mashariki amtafute mjomba wake Bashiri, amrudishe kwa bibi. Sijamjibu.

Liwali naye ameniomba siku hiyo ya Julai nikae mezani na wakubwa wa jeshi, nivae medali zangu, vijana wanione. Naye sijamjibu.

Palizi imenizidi, naishia hapa.

Kasmiri


Nachingwea, 15 Machi 1952

Kwa binamu yangu asiyejibu watu.

Tu wazima, shangazi yako amecheka habari ya nguruwe mpaka akakohoa, na pole kwa goti la Zaina. Nimekwisha kusalimu, sasa tugombane.

Unasema vita vile vimekwisha. Vimekwisha vipi? Baba zetu walibebeshwa mizigo ya Mjerumani kutoka Lindi mpaka mabegani pao pakaota sugu, kisha katika vita vilevile wakakamatwa na Mwingereza wakabebeshwa mizigo yake, njia ileile, kurudi walikotoka. Nani aliwauliza? Nimesoma kila gazeti linalofika Nachingwea, hata yale yaliyofungia ndimu, na sijaona mahali palipoandikwa Mmwera aligombana na mtu wa Malaya kwa jambo gani. Hajawahi kuja kula ming'oko yetu ya porini. Na wakubwa hawaji tena na kamba na bunduki kama zamani. Siku hizi wanakuja na picha. Picha ni mbaya kuliko kamba, kwa sababu aliyefungwa kamba hujua kwamba amefungwa.

Na Bashiri je? Mdogo wako alifuata picha hii akiwa na miaka kumi na minane. Uliporudi ulituambia ulimwacha hospitali India, akipona angefuata kwa meli nyingine. Huu ni mwaka wa nane. Hakuna barua, hakuna mtu aliyemwona. Hilo peke yake linatosha kumwambia Yunusi hapana, na wewe unaniambia palizi.

Nakutumia karatasi moja kwa mkono wa Tomasi dereva. Nimekufuta uso na kuweka fuvu la kichwa, meno yaleyale yamebaki, na damu inatiririka mpaka kwenye maneno. Nimeichora siku mbili bila kula mchana. Ibandike nyumbani, utazame watu watakavyostuka.

Shaibu


Chinongwe, 10 Aprili 1952

Kwa Shaibu.

Sote ni wazima. Ufuta umechanua. Tomasi alifika na karatasi yako, akala kwetu ugali wa mtama, akasifu mboga mara tatu ili aongezwe.

Nimeibandika ukutani mbele ya nyumba kama ulivyotaka. Wa kwanza kustuka alikuwa mbuzi. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani waliuliza kama nimeanza kuuza sumu ya panya, na mzee mmoja alitaka ya panya wakubwa. Watoto wamelipatia fuvu lako jina, wanalisalimia asubuhi. Yunusi alipoiona alicheka, akasema, "Binamu yako wa Nachingwea hajui vita, anajua rangi tu."

Shaibu, wewe unapiga kelele. Vijana wanapenda kelele. Damu haiwarudishi nyuma hata kidogo, kila mmoja anajua itakayomwagika ni ya mwenzake.

Nikuambie jambo la picha ile ulicheke. Ilipigwa Lindi siku ya pili baada ya kuandikishwa. Sikuwa nimeona hata paredi. Buti zilikuwa za sajini, na picha ilipokwisha nilizivua nikarudi kambini peku. Mzungu wa kamera aliniambia nicheke kama mtu aliyeona chakula. Mkono wenyewe waliuinua wao, wakautengeneza vidole kimoja kimoja.

Na usimtaje tena Bashiri kwenye barua zako. Zaina ndiye anayemsomea mama.

Kasmiri


Nachingwea, 27 Aprili 1952

Binamu Kasmiri,

Tu wazima. Fuvu limeshindwa, nakubali, na nimemwambia Sabaha kwamba nimeshindwa na mbuzi. Lakini barua yako imenipa kitu kikubwa kuliko fuvu: buti za sajini! Kwa nini hukuniambia miaka yote hii? Nitachora miguu yako ikiwa peku, hivyo ndivyo ulivyokuwa, na vidole vya Mzungu vikiuinua mkono. Nieleze vilikuwa upande gani.

Umenikataza jambo moja bila kunieleza sababu. Mimi si mtoto. Bashiri ni binamu yangu pia, mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, kwa fimbo na kwa miwa. Nikiambiwa ninyamaze nauliza, ndivyo nilivyoumbwa. Kuna nini, Kasmiri?

Shaibu


Nachingwea, 25 Mei 1952

Binamu,

Mwezi mzima hujajibu. Tomasi anasema alikuona barabarani, ukageukia kichakani. Mfungo umeingia. Nakutakia Ramadhani njema, wewe na mama. Zimebaki wiki saba kufika siku ya gulio. Kama nimekukosea niambie nimekukosea wapi, ila usiache kuniandikia.

Shaibu


Chinongwe, 8 Juni 1952

Shaibu, ndugu yangu,

Hatujambo. Mama anafunga, ingawa tumemwambia umri wake unamruhusu kula. Kila magharibi anapopakua futari anatenga bakuli moja la uji, analifunika kwa kawa. Ni la Bashiri. Miaka yote hii amekuwa akilitenga, na kila usiku mimi ndiye ninayelinywa asilione limelala. Mwaka huu nimelinywa siku tatu. Siku ya nne lilinishinda.

Nitakuandikia moja kwa moja, maana nikizunguka nitaikunja karatasi hii kama nilivyokunja nyingine tano.

Bashiri hakubaki hospitali. Hakufika India. Alikufa Agosti 1944, Burma, kwenye bonde la matope ambalo jina lake nilikuwa nalijua. Tulikuwa tunavusha nyumbu wa mizigo mtoni, mvua imetufunika. Bomu moja liliangukia nyumbu wa mbele. Bashiri ndiye aliyekuwa amemshika. Nilimzika mimi na Mnyasa mmoja, tukamfunga kwenye turubai la mvua. Karatasi ya kifo ilikuja kwa jina langu, kwa sababu yeye mwenyewe aliniandikisha mimi kuwa ndugu yake wa karibu. Iko sandukuni chini ya medali.

Utaniuliza kwa nini nilisema uongo. Nilipofika hapa mwaka 1946 mama alinipokea barabarani, akatazama nyuma yangu. Kabla hajauliza nikasema anafuata. Neno lilitoka lenyewe. Kesho yake lilikuwa limeenea mpaka Chunyu, na kulirudisha sikuweza.

Lakini liko jingine, nalo hili hata kwenye karatasi ni zito. Bashiri alipofika kambini kwetu alikuwa na picha ile, ameibandua ukutani kwa liwali na kuikunja ndani ya kofia. Akaniambia, "Kaka, umeniita, nimekuja." Alisema kwa utani. Niliona fahari, Shaibu. Niliwaonyesha wenzangu. Nikawaambia, tazameni, mdogo wangu amenifuata.

Sasa Yunusi anataka kwenda kumtafuta mtu niliyemfukia mwenyewe, na njia ya kumzuia ni moja tu, kusema ukweli.

Basi fanya hivi. Usichore damu, wala fuvu, wala vidole vya Mzungu. Usifute kitu. Liache tabasamu, uache mkono, yaache hata maneno yao. Chini yake andika yangu haya, kwa herufi kubwa za kawaida, kama zile za vibao vyako:

MKONO HUU ULIMWITA MDOGO WANGU BASHIRI. ALIKUJA. NILIMZIKA BURMA. MIMI NI KASMIRI WA CHINONGWE.

Huku kila mtu ananijua. Nitamjibu liwali kwamba nitakaa mezani.

Kasmiri


Nachingwea, 19 Juni 1952

Kaka Kasmiri,

Leo sikuiti mtani. Mama yangu amelia, nimemwacha alie. Amesema Bashiri alikuwa na mwendo wa babu, hatua mbilimbili kisha anasimama. Mimi nimekaa na barua yako kwenye banda la rangi mpaka wakaja kufunga mlango.

Nimebishana na watu maisha yangu yote, na magazeti, na makarani, na mashehe wawili. Sentensi zako nne zimenipiga kuliko vitabu vyote ninavyojivunia. Nilikuchokoza kwa jina la Bashiri bila kujua niliweka kidole wapi. Unisamehe.

Kazi imekwisha. Nimekata herufi kwenye bati ili zote zitoke sawa, nikatumia rangi nyeusi ya namba za malori, ambayo haitoki kwa maji. Nilitamani kuongeza. Nakiri mbele yako. Brashi ilikuwa mkononi na nilikuwa na sentensi nzuri sana kuhusu Malaya na mabepari. Nikaiweka brashi chini, nikatoka nje, nikarudi, nikaiosha. Karatasi hazina kitu zaidi ya ulichosema.

Zilipokauka nilizisimamisha zote arobaini kwenye ukuta wa ghala. Kasmiri, nilirudi nyuma nikazitazama. Kila moja unacheka, na kila moja mkono unaita, kisha jicho linashuka chini. Picha ni ileile, na haiwezi tena kumwita mtu hata mmoja. Tomasi alikuja kuzichukua, akasimama na kofia mkononi. Kisha akaniambia kaka yake naye hakurudi.

Wakiuliza ni nani aliyeandika, nitaje. Skimu inafungwa, wataninyang'anya nini?

Ila nakuomba jambo moja kwa magoti. Mama yako asisikie haya gulioni. Mwambie kwanza.

Shaibu


Chinongwe, 17 Agosti 1952

Kwa Shaibu, binamu na mtani wangu. Nakurudishia cheo chako.

Tu wazima kwa jumla, nami leo nina mengi, ukae vizuri.

Nilimwambia mama Ijumaa, siku moja kabla ya gulio. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuangusha ungo wala hakupiga ukelele. Aliniuliza, "Nani alimwosha?" Nikamjibu, "Mvua, mama." Akaendelea kupepeta kidogo, kisha akasema, "Miaka minane umeninyima msiba wangu, Kasmiri. Nenda kaseme huko kwa watu, na ukirudi uniletee turubai la kuwakalisha wafiwa." Dada Sikuzani alikuwa kando yake. Alinitazama mpaka nikatoka.

Zaina alipika gundi ya muhogo, debe zima. Alfajiri tulibandika kumi na mbili: kwenye duka la Mhindi, kwenye nguzo za soko, mlangoni kwa fundi cherehani, na mbili kwa liwali, kuume na kushoto kwa ile kuukuu. Kisha nikaenda kuvaa medali.

Afande wa Keya alikuja saa tatu na meza na daftari. Alinipigia saluti. Aliona karatasi kwa mbali, akaniambia vizuri sana, mmebandika mpya. Hakusoma mpaka chini, maana alikuwa anaijua picha ile tangu zamani. Vijana kumi na saba wakapanga mstari, Yunusi wa nne. Wasiojua kusoma walimwomba Serafina, mke wa mwalimu wa misheni, awasomee. Akaanza kwa sauti ya shuleni, na alipofika kwenye jina la Bashiri akashusha sauti, akageuka kunitazama mezani. Watu wote wakageuka. Shaibu, hujawahi kusikia gulio limenyamaza. Hata muuza kuku alimziba mdomo jogoo wake.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikapotea yote. Nikasema tu kwamba yaliyoandikwa pale ni yangu.

Yunusi alitoka kwenye mstari akaja mpaka mbele ya meza. Hakupaza sauti. "Mjomba, mimi nilikuwa nakwenda kumtafuta nani?"

Nikamjibu, "Hapana mtu wa kutafutwa. Nilimfukia kwa mikono hii. Nawe kama mjomba wako nakukataza kwenda, na nakukataza mbele ya watu."

Akageuka, akashika njia ya Namungo. Afande akasoma sasa mpaka chini. Akaamuru zibanduliwe. Askari wawili walikwangua mpaka adhuhuri, lakini gundi ya Zaina unaijua, ilibanduka kofia ikabaki mkono, au yakabaki maneno peke yake. Wakati wanakwangua, vijana wanane zaidi walikwisha kutoka kwenye mstari, mmoja mmoja, wakijifanya wanakwenda kunywa maji. Wanane waliandikishwa. Siwezi kukudanganya kwamba wote walirudi nyumbani.

Niliulizwa kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ni nani aliyeandika. Nilisema mwenye maneno ni mimi, na mwenye mkono ule pichani ni mimi, mnataka mwingine wa nini? Walinikalisha siku mbili wakaniachia. Medali wamebaki nazo. Jina lako sikulitoa. Najua ulitaka litolewe, na najua utaninunia.

Umeniandikia mara mbili ukitaka ishirini na nane zilizobaki ziende Masasi, Liwale na Newala. Nimezifunga, Tomasi atakuletea, lakini usizipeleke. Huko hawanijui. Watakaposoma Kasmiri wa Chinongwe watauliza ni nani. Nenda mwenyewe, Shaibu, wewe una mdomo na miguu. Pale Masasi yuko mtu aliyewaita wenzake akarudi peke yake, na Newala yuko, na karibu yako hapo Nachingwea yuko. Mkae, msalimiane, umsikilize mpaka aseme kwa maneno yake. Ukimaliza ndipo uchukue brashi.

Msiba wa Bashiri tuliuweka, watu walijaa mpaka barabarani, na hitma tuliisoma Ijumaa tarehe nane. Yunusi hakuwa ametokea tangu siku ya gulio. Wazee walikuwa wamekwisha kukaa kwa ajili ya kumrithisha mpwa jina na nafasi ya marehemu, kama ilivyo kwetu, na mpwa mwingine wa kulichukua hatuna. Mama akasema tungoje. Tulingoja mpaka vivuli vikavuka ua. Akaingia, ana vumbi mpaka nyusi, akaketi mkekani mbele ya bibi yake bila kunipa salamu. Mama akampaka unga wa mtama kwenye paji la uso, akamwambia jina lake jipya.

Ilibidi mimi, kaka wa marehemu, niwe wa kwanza kumwita. Shaibu, jina lile sijalitamka kwa kumwita mtu tangu mtoni. Nililitamka. Aliinua uso, watu wote wanamtazama.

Kisha akaitika, "Naam, kaka."

Kasmiri